Mkanda Mmoja Wenye Baba

Usiponiamini sitakulaumu, hata mimi ningesimuliwa na mtu mwingine ningecheka. Lakini haya yalinipata mwenyewe, hapa mtaa wetu wa Tena, Jumapili jioni jua likiwa bado linawaka, na sikuwa mgonjwa wala sikuwa nimeonja kitu.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli. Injinia mmoja Mzungu alipokuwa akirudi kwao alimwachia kamera ndogo ya sinema, ile ya kutiwa ufunguo kama saa ya mezani. Haina betri. Ukiifyatua inanguruma kama cherehani, na mkanda wake huisha kabla hujamaliza kikombe cha chai. Baba alipiga nayo ubatizo, harusi za mtaa mzima, sisi watoto tukikimbizana. Kila Krismasi alitutandikia shuka ukutani tujitazame. Na picha zake mwenyewe? Hakuna hata moja. Siku zote alikuwa nyuma ya kamera. Alipofariki tukamzika Kakamega, nami nikabaki na mikanda chungu nzima isiyo na baba. Unaujua uchungu wa namna hiyo?

Basi nikaagiza mkanda mpya kutoka ng'ambo, nikatoka uwanjani kuijaribu kamera. Mzee mmoja akapita, ovaroli lake limejaa vumbi la saruji. Akaniambia ametoka kibaruani, anarudi kwake, mtaa wa Mukuru kwa Njenga, kwa miguu. Sikumjua. Akaitazama kamera kwa muda mrefu.

"Nipige na mimi, mama," akasema. "Sijawahi kupigwa."

Nikaona si neno. Nikaweka jicho kwenye kioo kidogo cha kamera, na amini usiamini, aliyesimama mbele yangu alikuwa baba. Kovu la kidevuni, bega moja limeinama, kila kitu. Nikashusha kamera: mzee wa vumbi, mgeni kabisa. Nikaiinua tena: baba, ametulia, midomo imefungwa, ananitazama. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi niliogopa kuishusha nikampoteza. Nikalia huku nimekaza jicho, nikafyatua, nikapiga mpaka springi ikaisha nguvu. Nilipoishusha, yule mzee alikuwa ameshanipa mgongo, anaelekea barabarani. Nikaita, "Baba!" Hakugeuka.

Mkanda ukapelekwa ng'ambo kusafishwa. Uliporudi nikautazama na mdogo wangu wa kiume kwa projekta yetu ya zamani. Sikuwa nimemwambia lolote. Akasema polepole, "Sista, si huyo ni buda, baba yetu?"

Sasa sikia kinachoninyima usingizi. Uwanjani baba hakufungua mdomo. Kwenye mkanda anaongea mwanzo hadi mwisho, ananieleza jambo, hata mkono anauinua kulisisitiza. Na kamera hizo hazinasi sauti. Nilimwomba mwalimu wa watoto viziwi amsome midomo. Akatazama, akatazama tena, akaniambia si Kiswahili wala Kiingereza. Itakuwa ni Kiluhya, lugha aliyokuwa akitubembelezea, na wa kusoma midomo kwa Kiluhya sijampata. Lakini anasema nini? Kila nikiupitisha, mkanda unachubuka zaidi na uso wake unaingia mikwaruzo, nami siwezi kuacha. Kuna siku najikuta nimeweka sikio ukutani, pale mdomo wake ulipo.

Kwa hiyo nakusihi: akikujia uliyemzika, usimtazame kupitia kitu chochote. Weka chini kilichomo mkononi, umkimbilie, hata kama uso aliokuja nao ni wa mtu usiyemjua. Muulize alikuwa anataka kukuambia nini.