Majina Mia Mbili ya Bi Somoe

Kama kuna mtu aliyeipenda kazi yake hapa Temeke hadi ikamla, basi ni Bi Somoe wa Tandika. Miaka thelathini na miwili alisomesha wanawake barazani kwake, kila Alhamisi baada ya Alasiri, na hakuwahi kumwomba mtu hata kipande cha sabuni. Wasichana walikuja, wakaolewa, wakazaa, wakarudi na binti zao. Aliwafundisha udhu, sala, saumu, mirathi, na yale mambo ya ndani ambayo mwanamke hawezi kumuuliza sheikh huku anamtazama. Ukimuuliza jambo hakukurupuka kujibu. Alikwambia subiri, tufungue kitabu tuone. Watu walimwamini kwa sababu hiyo.

Basi macho yakaanza kumwacha. Kwanza akabadilisha miwani, halafu akaibadilisha tena. Hospitali wakamwambia si mtoto wa jicho, maana huyo wangemtoa. Ni macho yenyewe yamechoka kwa ndani. Ukafika wakati kila mstari wa kitabu ukawa ukungu, na watu wakawa vivuli vinavyomwamkia shikamoo. Najat, jirani yake aliyekuwa mwanafunzi wake tangu utoto na sasa ana watoto wawili, ndiye akawa anamsomea. Najat alikuwa na sauti nzuri, sina ubaya naye, ila alikuwa na haraka zake. Sufuria iko jikoni, mtoto analia, mume anarudi saa kumi na moja. Alikuwa akiruka. Bi Somoe alisikia kurasa mbili zikigeuzwa kwa pamoja, akanyamaza, kwa sababu unaanzaje kumgombeza mtu anayekusaidia bure?

Akawa anasomewa kidogo, na mengi anayasema kwa kumbukumbu. Jambo hilo lilimtesa kuliko hata yale macho. Alimwambia mwanawe Salumu kwamba anaogopa siku moja atawafundisha wanawake wa watu uongo, kisha akaulizwe yeye mbele ya Mungu.

Salumu alikuwa karani wa mizigo kule Kipawa, karibu na uwanja wa ndege. Mwaka ule wa Elinino, mvua zilipokatika, alimpeleka mama yake Kinondoni kwenye duka la kijana mmoja anaitwa Farhan. Huyu alisoma nje, akarudi na kompyuta tatu na mashine ya fotokopi, akawa anachapia watu barua na kadi za harusi. Lakini roho yake ilikuwa kwingine. Kulikuwa na majuzuu sita ya masomo ya dini kwa Kiswahili, yale yale aliyofundishia Bi Somoe, ambayo hayachapwi tena, yaliyobaki yameliwa na mchwa, na Farhan alitaka kuyaingiza yote kwenye sidii moja, kile kisahani cha kompyuta. Alishamaliza mlango mmoja tu wa mfano, mlango wa udhu. Akamkalisha Bi Somoe mbele ya kioo cha kompyuta, akabonyeza, herufi zikakua. Akabonyeza tena na tena, mpaka neno moja likawa kubwa kama mkate wa kumimina.

Bi Somoe akasoma. Alisoma mwenyewe, kwa macho yake, nguzo sita za udhu, moja baada ya nyingine, kidole kikigusa kioo. Alipofika ya sita akalia. Farhan akatoka kwenda kutafuta maji ya kunywa, ingawa maji yalikuwepo pale pale dukani. Mama wa watu alikuwa hajasoma neno kwa miaka sita.

Sasa masharti yake ndiyo haya. Sidii zilikuwa zitengenezwe Dubai, na wenyewe kule hawakubali kutengeneza chini ya mia mbili. Kwa hiyo Farhan alianzisha kitu alichokiita bei ya wengi. Hulipi kitu, unaandika jina tu. Majina yakifika mia mbili, kila mmoja atalipa shilingi elfu nane. Yakifika mia nne, bei inashuka hadi elfu tano. Yasipofika mia mbili, hakuna sidii, wala kwa bei ya dhahabu. Ukutani alitundika ubao, na kila jina likiingia anafuta namba ya jana na kuandika mpya kwa chaki. Kompyuta yenyewe haikuwa tatizo, maana Salumu alipewa moja kuukuu kazini kwao na aliahidi kumwekea mama yake chumbani. Tatizo lilikuwa moja tu: ili Bi Somoe asome, watu mia mbili walitakiwa watake.

Mwanamke akaingia barabarani. Akanunua daftari, Najat akawa karani, wakazunguka Tandika, Mtoni, Mbagala, hadi Mwenge kwa ndugu wa marehemu mumewe. Walipiga hodi majumbani, wakaandika watu kwenye maulidi, kwenye hitima, kwenye arusi kabla pilau haijapakuliwa. Hakuna aliyekataa. Na nani angekataa? Sie watu wa hapa hatujui kumwambia mtu mzima hapana mbele ya uso wake. Tunasema inshallah. Tunasema niandike, mwalimu, niandike na mume wangu, na huyu mtoto naye muandike. Aliandikwa mzee ambaye hajawahi kugusa hata taipureta. Aliandikwa bibi mmoja asiyejua kusoma kabisa, akasema ni thawabu. Daftari lilipofikishwa Kinondoni likahesabiwa, majina yalikuwa mia mbili na kumi na manne, na Bi Somoe akaenda nyumbani anacheka peke yake njia nzima.

Alianza hata kupanga masomo. Alimwambia Najat kuwa akishapata sidii yake ataanza upya, tangu mlango wa twahara, asome kila mstari, na pale alipowahi kuteleza arekebishe. Najat aliitikia tu.

Mwezi wa kumi Farhan akaita watu wake. Kumbe kabla ya hii alishafanya nyingine, sidii ya hadithi, kwa utaratibu ule ule. Walijiandikisha watu mia tatu, sidii zikaletwa, waliokuja kuchukua hawakufika arobaini. Maboksi yalikuwa chini ya meza, na mshirika wake wa Dubai alikuwa anamtukana kwenye simu. Kwa hiyo utaratibu unabadilika. Jina halihesabiwi mpaka mwenyewe aje dukani kwa miguu yake na alipe nusu. Bei haitashuka kwa ahadi tena, itashuka kwa waliolipa. Na mwisho ni mwisho wa Rajabu. Wasipotimia mia mbili, kazi imekufa na kila mtu anarudishiwa chake.

"Mama, nayaheshimu majina yako," alimwambia Bi Somoe, na kweli alikuwa na huzuni. "Lakini majina hayalipi kiwanda."

Akaufuta ubao wote. Bi Somoe akafungua pindo la kanga, akalipa nusu yake pale pale, akasikia chaki ikiandika moja.

Hakuogopa, mnasikia? Alitoka pale anasema hawa ni watu wangu, nimewafundisha kuoga janaba, watashindwa elfu nne? Akaanza kuzunguka upya. Na hapa nikiri, mie naona haya kusimulia, maana baadhi yetu tulikuwemo kwenye lile daftari. Mtu alimwona kwa mbali na fimbo yake, ameshikwa mkono na Najat, akaingia ndani na kumwambia mtoto aseme mama hayupo, huku chekecheke linasikika likichunga unga uani. Waliokutwa walimkaribisha vizuri mno. Walimpa kiti, wakamletea chai na maandazi, wakamuuliza hali ya Salumu, kisha wakasema wiki ijayo, mwalimu, mshahara ukitoka, mwalimu. Alikunywa chai nyingi mwezi ule kuliko alivyokunywa mwaka mzima. Lau mmoja wao angekuwa na huruma ya kumwambia sitaki, angempunguzia safari. Zilipobaki siku nne ubao ulikuwa umeandikwa kumi na saba, na miongoni mwa hao kumi na saba mmoja ni yeye, mmoja Salumu.

Aliyemwambia hapana alikuwa mmoja tu, Chausiku wa Mtoni, muuza vitumbua, mwenye watoto wanne na mume asiyejulikana alipo. Alimkalisha Bi Somoe kwenye mkeka na kumwambia wazi kwamba hawezi. Mchele ndio mtaji wake, na kila Ijumaa anatoa kibaba kimoja kumpa maskini, ile fidia ya Ramadhani ambayo hakufunga akiwa ananyonyesha. Vimebaki vibaba vitatu vitimie thelathini. Vikiisha ndipo ataanza kudunduliza.

Bi Somoe akakumbuka. Ni yeye aliyemwambia alipe siku kwa kuzifunga na juu yake atoe kibaba kwa kila siku, barazani, mbele ya wanawake wote. Akamuuliza, kwa kutaka tu mazungumzo, kama alifungua kwa kumhofia mtoto kukosa maziwa.

"Hapana, mwalimu. Mtoto alikuwa mzima," Chausiku akasema. "Nilikuwa naumwa mie, taifodi. Niliona nakufa."

Walipofika Tandika Bi Somoe hakuvua hata baibui, akamtaka Najat atoe juzuu la pili na asome mlango wa saumu, pole pole, bila kuruka. Najat akasoma. Kitabu kilisema mnyonyeshaji akifungua kwa kumhofia mtoto peke yake, atalipa siku na atatoa kibaba. Akifungua kwa kujihofia mwenyewe, atalipa siku tu. Bi Somoe akamwambia arudie, akarudia. Mchele wa watoto wanne, Ijumaa ishirini na saba, umetoka mle ndani kwa ulimi wake.

"Uliyajua haya siku ile?" akauliza.

Najat akafunga kitabu, akasema, "Tuliyajua, mwalimu."

"Nyie nani?"

"Sote, na ugonjwa wake tuliujua. Tuliona haya kukukatiza mbele ya watu."

"Na Chausiku?"

"Nilimwambia mie, siku ya pili yake. Akasema usimwambie mwalimu, atajisikia vibaya. Akasema atatoa tu iwe sadaka."

Mtu anaweza kupigwa kofi akakaa, lakini hili lilimlaza. Alijifunika kanga akalala kitandani mchana kweupe, na Najat akakaa sebuleni hajui aondoke au asiondoke. Baadaye Bi Somoe akamwita na kumuuliza mengine aliyokosea ni mangapi. Najat akasema hakuna. Akasema haraka mno.

Rajabu ikaisha. Farhan mwenyewe alikuja Tandika na bahasha, akamrudishia elfu nne zake kwa mikono miwili, akamwomba radhi. Bi Somoe alimuuliza kama hata ule mlango wa udhu hawezi kumpa. Farhan akasema atajaribu, lakini pale ni kurasa tisa tu. Bi Somoe akamshukuru, akasema udhu anaujua.

Alhamisi iliyofuata wanawake wakaja kama kawaida, wengi kuliko siku zote, nadhani kwa aibu ya sidii. Mwamvita, mkubwa wao, alikaa mbele, Chausiku akakaa mlangoni na mtoto mgongoni. Bi Somoe hakufungua kitabu. Aliwaambia kuwa ana neno moja, na kwamba amelifikiria wiki nzima. Alisema alimwamuru Chausiku atoe fidia ambayo haikumpasa, kwamba alisema bila kutazama kitabu, na anamwomba Chausiku amsamehe na wao wote wamsamehe. Akasema anajua yako na mengine. Akawaomba, kwa jina la Mungu, wamwambie, ayarekebishe kabla hajafa.

Mwamvita ndiye aliyejibu, kwa upole kabisa, "Hukukosea, mwalimu. Sie ndio tuliosikia vibaya."

Na wengine wakadakia. Kweli mwalimu, tulisikia vibaya. Mwalimu hajawahi kukosea. Chausiku, mwenye mchele wake, ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba mwalimu alimwambia sawasawa na yeye ndiye aliyechanganya. Bi Somoe akawauliza mmoja mmoja kwa jina, na kila mmoja akajibu vile vile. Akageuza uso huku na huku kwenye vile vivuli, akitafuta japo mmoja atakayemwambia kweli, hakumpata. Kisha Mwamvita akamwomba aendelee na somo, muda unakwenda, na Bi Somoe, maskini, akaendelea.