Bwana Miwani na Swichi ya Akiba

Kuna mtu simsamehe, na akifa kabla yangu sitakwenda kumzika. Ni Bwana Miwani, mkuu wa kitengo cha mtandao pale hospitali, anavaa miwani ya jua hata chumbani. Miaka ya nyuma kompyuta zote zilizima kwa mkono wake, akasema ni mwanangu. Ukuu ulikuwa uende kwa mwanangu. Akaupata yeye, mwanangu akafanywa naibu, akabandikwa jina: Spea. Nimelimeza hilo, halijashuka mpaka leo.

Mwanangu huyu, binti yangu kitindamimba, hatulii. Akila, simu iko kando ya sahani. Ukimwambia keti, anakalia ncha ya kiti kama kuku anayetaka kuruka. Siku moja nikamuuliza, "Wewe, unangoja nini hasa?"

"Mama, kazi yangu ndiyo kungoja."

Akanieleza. Kule kuna kabati la chuma, ndani zimepangwa swichi, visanduku bapa vinavyogawa mtandao, zimeunganishwa nyuma kwa nyaya nene mpaka zinafanya kazi kama kitu kimoja. Moja ni kiongozi, inaamua kwa niaba ya zote. Ya pili ni ya akiba. Kila anachojua kiongozi nayo inakijua, ila imenyamaza. Kiongozi akizima, ya akiba inashika usukani palepale, mgonjwa hata hasikii.

"Na yule wa kwanza akipona?"

"Anarudi, anakaa na wengine. Hamnyang'anyi mwenzake kiti."

"Basi mashine zina adabu kuliko bosi wako."

Akacheka, jicho liko kwenye simu.

Haukupita muda, swichi kiongozi ikaungua. Ya akiba ikashika, kazi ikaendelea. Ile mbovu ikatengenezwa, mwanangu akairudisha kabatini, ikakaa kimya na wenzake. Bwana Miwani akanuna. Ile ndiyo aliyoichagua yeye, lazima iongoze.

"Mkuu, mbona zote zinafanya kazi," mwanangu akamwambia. "Ukitaka ile iongoze, itabidi kuzima na kuwasha zote kwa pamoja. Tungoje Jumapili, wagonjwa wapungue."

"Spea haipangi safari," akajibiwa.

Kesho yake mwanangu akachukua ruhusa anipeleke kliniki ya presha, palepale hospitalini kwao. Bwana Miwani aliandikiwa ujumbe, lakini ujumbe wa Spea yeye hausomi. Tukakaa benchi la mbele. Mwanangu anasimama, anakaa, anachungulia dirisha la mapokezi.

"Utanipandisha presha kabla sijapimwa," nikamwambia.

Hajanijibu, kompyuta za mapokezi zikagoma. Dirisha la dawa likasimama, maabara ikasimama, watu wakaanza kunung'unika. Mwanangu akainuka, nikamvuta gauni.

"Uko ruhusa wewe."

"Mama, kuna wagonjwa."

Kabla hajachomoka, daktari mkuu wa hospitali huyo anakuja ukumbini mbio mbio, Bwana Miwani nyuma yake jasho linamtoka, hata benchi letu haliangalii.

"Nani amezima?" daktari anauliza.

"Ni naibu wangu, daktari. Nimemkataza. Toka asubuhi yuko kabatini anachokonoa."

Nikasimama. Miguu inauma, lakini nikasimama.

"Daktari, naibu anayesemwa ni huyu hapa, mwanangu wa kumzaa. Toka asubuhi amenishika mkono. Uliza benchi."

"Kweli," akasema mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Tumefuatana kwenye foleni. Hajatoka hata kwenda msalani."

Daktari akamgeukia Bwana Miwani. "Wa kuzigusa ni ninyi wawili tu. Huyu yuko hapa."

Mwanangu, ambaye miaka yote hakuwahi kumjibu, akamtazama. "Na siku ile ya zamani, zilipozima zote, Mkuu? Nilikuwa wapi?"

Ukumbi mzima unamwangalia Bwana Miwani.

"Lile nalo utanieleza ofisini," daktari akasema. Kisha kwa mwanangu, "Nenda katurudishie mtandao. Kuanzia sasa kitengo ni chako."

Mwanangu akakimbia, hata kuaga hakuaga. Bwana Miwani akabaki mbele yangu, mikono haijui iende wapi.

"Mama, samahani."

"Mimi nimekuja kupima presha," nikamwambia. "Sogea, unaniziba mlango wa nesi."