Siku Programu ya Kadi Ilipofungwa

Shangazi yangu alikuwa na duka la stesheneri nyuma ya soko, katika chumba cha mbele cha nyumba ya babu. Kabla ya hapo chumba hicho kiliuza chumvi, kikauza mafuta ya taa, kikauza vitenge. Miaka ile ya soko huria, ukianza kuuza kitu leo, kesho mtaa mzima unakiuza. Shangazi akachoka kuigwa. Akasema safari hii anatafuta biashara ambayo jirani hawezi kwenda Kariakoo kuinunua na kurudi kuitandika barazani. Akanunua kompyuta.

Haikuwa mpya. Ilitoka katika ofisi ya mradi mmoja uliokwisha muda wake, wafadhili wakaondoka na vyombo vikauzwa. Ilipofika ikawekwa juu ya meza, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kwa sababu ya vumbi, na mimi, niliyekuwa nimemaliza mafunzo ya uhazili na kozi fupi ya kompyuta, nikawekwa mbele yake. Tulichapa barua za kuomba kazi, mitihani ya shule na katiba za vikundi vya akina mama. Lakini jina letu mjini tulilipata kwa kadi za harusi.

Programu ya kadi ilikuja pamoja na mashine, ndani ya disketi zisizo na jina la mtengenezaji. Ukiifungua, skrini yote inakuwa nyeusi, halafu inatokea orodha ya mapambo: kengele, waridi, au njiwa wawili waliogusanisha midomo. Kengele na waridi sikuwahi kuzichapa. Mji mzima ulitaka njiwa. Waislamu walitaka njiwa, Wakristo walitaka njiwa, watumishi wa serikali waliohamishiwa kwetu kutoka mikoani walipeleka njiwa Bukoba na Songea. Printa yetu ya sindano ilikuwa na kelele kama mashine ya kusaga, na mtu akipita nje akiisikia alijua kuna anayeoa.

Kilichotuponza ni Bunge. Kila vikao vilipoanza, mji ulijaa maofisa wenye haraka, na walikuja dukani na disketi zao. Nikiziingiza, mashine inakataa kuzisoma.

"Dada, mfumo wenu ni wa zamani," aliniambia ofisa mmoja, kwa upole wa mtu anayetoa habari za msiba. "Siku hizi watu wako kwenye ule wenye picha na maus."

Shangazi alisikia. Aliweza kuvumilia mengi, lakini si kuambiwa na mgeni kwamba amepitwa na wakati ndani ya nyumba ya baba yake. Wiki haikuisha akawa amemwita fundi.

Fundi alikuwa kijana wa Morogoro aliyesomea mambo hayo Dar es Salaam. Alivaa tai hata jua la saa saba, na alikuwa na tabia ya kuipapasa mashine kabla ya kuifungua, kama daktari wa mifugo. Akaongeza memori, akaingiza mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta, na muda wote huo Shangazi alikaa kwenye kiti nyuma yake, akimwangalia mikono.

"Hakuna kitakachopotea?" aliuliza.

"Hakuna, mama. Ni apgredi tu. Kila kilichokuwepo kitakuwepo, kizuri zaidi."

Ikawa kweli, kwa siku chache. Skrini ilikuwa na rangi ya anga, na vijipicha vilijipanga pembeni. Disketi za Bunge zikafunguka. Shangazi akaigeuza meza ili anayepita nje aione skrini.

Kisha akaja mteja wa kadi. Nikafungua programu yetu. Skrini ikawa nyeusi kama kawaida, ikasita, halafu katikati kikatokea kisanduku cha kijivu chenye maneno ya Kiingereza.

"Inasemaje?" Shangazi aliuliza.

Nikatafsiri kama nilivyofundishwa chuoni, neno kwa neno. "Inasema programu hii imefanya kitendo kisicho halali, nayo itafungwa."

Shangazi akaweka kikombe chake chini. "Nani anasema?"

"Kompyuta."

"Kitendo gani kisicho halali? Kadi za harusi?"

"Haikusema."

"Sasa ifungwe vipi bila kuambiwa kosa?"

Kulikuwa na kitufe cha maelezo. Akaniamuru nikibonyeze. Ikashuka safu ya herufi na tarakimu zisizo na mwanzo wala mwisho. Shangazi akavaa miwani, akaisoma yote kuanzia juu hadi chini, kwa umakini ule ule aliosomea barua za watu wa kodi.

"Mashtaka yenyewe ndiyo haya?" alisema. "Hata hayasomeki."

Mteja akaaga, akasema atapita siku nyingine. Shangazi akaingia uani kutazama chungu. Nikajaribu tena, na tena, na kila mara kikaja kisanduku kile kile. Mwisho nikapaza sauti ili anisikie huko alikokuwa.

"Imefungwa tena, Shangazi. Haitoki."

Nadhani hayo ndiyo aliyoyasikia jirani. Alikuwa mama muuza kanga mwenye duka lililopakana na letu, na ukuta kati yetu ulikuwa mwembamba. Hakuwa mtu mbaya. Ila habari ikimfikia ilikuwa haikai.

Sasa, lazima nieleze kitu kimoja ambacho mimi mwenyewe nilikuja kukijua baadaye. Watu wengi mjini hawakuamini kwamba njiwa wale walitoka kwenye mashine. Waliamini tuna mchoraji chumba cha nyuma, mwanamume mwenye mkono mwepesi, na kwamba Shangazi alimficha ili maduka mengine yasimchukue. Kwa hiyo jirani aliposema pale kwetu kuna aliyefanya jambo lisilo halali akafungwa, hakuna aliyeuliza ni nani. Walishamjua.

Kesho yake pole zikaanza. Shangazi alizipokea mwanzoni kwa mshangao, halafu kwa maelezo marefu, na kila alipoeleza aliharibu zaidi.

"Si mtu," alimwambia mama mmoja. "Ni programu."

"Ndiyo, tumesikia," yule mama alijibu, akamshika mkono. "Ana watoto?"

Siku hiyo hiyo mchana akaja mzee mmoja kutoka Zuzu, kijiji cha nje kidogo ya mji. Alikuwa mstaafu wa reli, mrefu, mwenye koti lililopigwa pasi vizuri, na tulimfahamu kwa kuwa tulikuwa tumechapa kadi za harusi za binti zake wakubwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye benchi na kupakata kifurushi cha gazeti.

"Nimesikia matatizo yenu," alimwambia Shangazi. "Poleni sana."

"Tumeshapoa, mzee mwenzangu."

"Mimi sikuja kuuliza alifanya nini. Hayo ni ya kwake na sheria. Nilitaka kujua tu, wanaruhusu kumwona?"

Shangazi akanitazama. Mimi nikatazama kibodi.

"Kwa sababu," mzee aliendelea, "binti yangu wa mwisho anaolewa. Dada zake wote walipata kadi za njiwa, na mama yao amezipanga kwenye kabati la vyombo, kila mgeni anaonyeshwa. Huyu mdogo nikimpa kadi nyingine, atasema yeye tulimwokota. Ameshasema hivyo kwa mambo madogo kuliko hili." Akafungua kifurushi. Zilikuwa karanga, zimekaangwa vizuri na chumvi. "Nimemletea huyo kijana. Kama wanaruhusu karatasi na kalamu huko ndani, achore mara moja tu. Tutakuja kuichukua."

Shangazi alizitazama karanga. Akamwita jirani aje na kikombe cha chai kwa mgeni, halafu akaniambia nimpigie fundi simu haraka.

Fundi alikuja na tai yake. Alijaribu hiki, akajaribu kile, akaitoa programu na kuirudisha, na kila mara ikafungwa. Mwisho akajinyoosha, akamgeukia Shangazi.

"Mama, niseme ukweli. Programu hii imezeeka. Mfumo mpya hauelewani nayo. Lakini huu mpya una kadi zake nyingi tu, nzuri kuliko hizo."

Akachagua moja, akachapa jina la bibi harusi, akaitoa kwenye printa. Ilikuwa na maputo pande zote na herufi zilizoinama kama zimesukumwa na upepo. Akampa mzee. Mzee aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akaigeuza nyuma.

"Hii ni ya uchaguzi?" aliuliza.

"Ni ya harusi, mzee."

"Maputo ya nini?"

"Ni furaha."

Mzee akafikiri. "Binti yangu ana furaha," alisema, "lakini haombi kura." Akairudisha kwa adabu sana, kwa mikono miwili.

Fundi akaiweka kadi ile kifudifudi mezani. Nilimhurumia, maana jasho lilikuwa limemshukia mpaka kwenye kola. Akasema ngoja aizime mashine apumzike kichwa. Akabonyeza pa kuizimia, na mfumo mpya, ambao haufanyi kitu bila kukuuliza kwanza, ukaleta orodha: izime kabisa, iwashe upya, au iwashe kwa namna ya zamani. Sisi tulikuwa tukibonyeza la kwanza kila jioni bila kusoma mengine. Fundi naye sijui kama aliwahi kuyasoma. Alikaa akitazama orodha ile, kidole hewani, kisha akachagua la mwisho.

Rangi ya anga ikatoweka. Ikabaki skrini nyeusi na kimstari kinachopepesa. Maus ikafa, lakini sikuihitaji. Fundi akanipisha kiti, na vidole vyangu vikakumbuka vyenyewe amri tulizokuwa tukiandika zamani. Orodha ya mapambo ikatokea. Kengele, waridi, njiwa.

Printa ilipoanza kupiga kelele, jirani aliingia mbio, birika la chai bado mkononi.

"Ameachiwa?"

Shangazi alifungua mdomo kueleza. Nikamwona anapima urefu wa maelezo hayo, na uchovu wa siku nzima.

"Ameachiwa," alisema.

"Kwa dhamana?"

"Kwa dhamana."

"Alhamdulillahi," jirani alisema, akatoka kwenda kuwapa wengine habari.

Mzee alipokea kadi ya kwanza wino ukiwa haujakauka. Aliwatazama njiwa kwa muda, halafu akamtazama fundi, aliyekuwa ameegemea ukuta kwa uchovu, macho mekundu, tai imelegea. Akaenda akamshika mkono na kuutikisa mara nyingi bila kusema neno, na kifurushi cha karanga akakiweka mfukoni mwa fundi mwenyewe. Fundi alidhani ni desturi ya Zuzu.

Tulialikwa harusini, sote watatu, fundi akiwemo, na tukaenda kwa pikapu ya binamu yangu. Chakula kilikuwa kingi na ngoma zilikuwa nzuri. Jua lilipoanza kupoa mzee akasimama kushukuru watu. Alishukuru wakwe, alishukuru wapishi, alimshukuru Shangazi. Kisha akaliweka koti lake sawa.

"Kuna kijana mmoja hapa," alisema. "Sitamtaja. Alipata matatizo, na matatizo humpata mtu yeyote. Lakini siku aliyotoka, hata nyumbani kwake hakupita. Alikuja moja kwa moja kumaliza kadi ya binti yangu. Naomba tumpigie makofi."

Makofi yakapigwa. Vichwa vikageuka, na kwa kuwa kulikuwa na mwanamume mmoja tu aliyekaa na watu wa kadi, vyote vilimgeukia fundi. Yeye akainuka nusu, akainamisha kichwa kwa heshima. Alijua alikuwa na matatizo na mashine ile, na aliona si vibaya watu kulitambua hilo.

Baada ya hapo sahani yake haikuwahi kuwa tupu. Bibi mmoja mnene alimwongezea nyama, kisha akamwongezea tena, akamgusa bega.

"Kula, mwanangu. Huko hawawapi."

"Wapi?" fundi aliniuliza kwa sauti ya chini. Nikajifanya ngoma zimenizidi.

Mzee mwingine alimvuta pembeni, akamshauri atafute kazi ya halali, kwani bado ni kijana. Tulipokuwa tunaondoka, akina mama wakampa jogoo hai, amefungwa miguu, aende naye nyumbani akaanze maisha.

Nilimweleza njiani, karibu na mjini. Sikuweza kuendelea kumwona amempakata yule jogoo kwa fahari namna ile. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akamtazama jogoo, upepo unampiga, kisha akauliza kama ingefaa tumrudishe. Shangazi, aliyekuwa mbele na dereva, akatoa kichwa dirishani akasema hapana, mzee ataumia moyo, na kwamba nyumbani kuna nazi. Hapo ndipo fundi alipoanza kucheka, na alicheka mpaka binamu yangu akapunguza mwendo.

Tuliishi hivyo miaka kadhaa, na mashine moja yenye tabia mbili. Asubuhi tuliiwasha kwa mfumo mpya, na mchana, harusi ikija, tuliirudisha kwenye weusi wake. Kubadilisha kulichukua muda, na maofisa wa Bunge walikuwa watu wa haraka. Nakumbuka mmoja alisimama mlangoni na disketi yake mkononi, akitazama saa, wakati printa inaunguruma. Akauliza tatizo ni nini.

"Hakuna tatizo, mheshimiwa," Shangazi alimjibu, akamsogezea kiti. "Kaa kidogo. Kuna watu wanaoana."