Nyasi Juu ya Boma

Mimi nimefundishwa. Nasema hivi bila majivuno, kama mtu anavyosema kwamba ameugua malaria. Tangu niwe mtendaji wa kijiji huku kwenye vichaka, mwendo wa pikipiki kutoka Itigi mpaka mgongo ukatae kukujua, nimefundishwa utawala bora, nimefundishwa mipango shirikishi, nimefundishwa ugatuaji wa madaraka kwa mbele na kwa nyuma. Kama uwezo ungekuwa mahindi, ghala langu lingekuwa limeshapasuka, na panya wa wilaya nzima wangekuwa wamehamia kwangu na familia zao. Na kabla ya hapo nilikuwa nimeshajitesa mwenyewe. Kidato cha nne nilikipata kwa shule ya usiku pale mjini Singida, nikitoka Unyambwa kwa miguu baada ya kutwa nzima ya kuwa saidia fundi, nikisinzia kwenye hesabu na kuzinduka kwenye uraia. Kwa hiyo uchovu wangu haukuanza jana.

Ila kilichonichosha kuliko vyote ni boma la zahanati.

Kwa asiyejua, boma ni jengo lililosimama kuta tupu, halina paa. Utaratibu ni kwamba wananchi wanapandisha kuta kwa nguvu zao mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kisha halmashauri ya wilaya inaleta mbao na mabati. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya mkutano mkuu wa kijiji nikayasema hayo, kwa sauti ambayo nadhani hata treni ilipunguza mwendo kusikiliza. "Ninyi fikeni lenta. Mkifika lenta tu, bati hili hapa!" Watu wakaniamini. Wakafyatua tofali, wakachoma, wanawake wakabeba maji kichwani kutoka lamboni kiangazi chote. Saruji ilitosha msingi na lenta. Tofali za kuta zikashikanishwa kwa udongo, na ukuta wa udongo, hata tofali zake ziwe zimeiva namna gani, haupatani na mvua.

Hilo hatukulisoma popote, tulilishuhudia. Hili tulilojenga lilikuwa boma la pili. La kwanza, la kabla yangu, lilibaki wazi msimu mmoja tu wa mvua, likalala chini.

Siku tuliyomaliza lenta, mama mmoja muuza asali, mjumbe wa halmashauri ya kijiji, alinijia akiwa na udongo mpaka viwikoni.

"Mtendaji," akasema, "binti yangu alijifungulia njiani, pembeni ya bodaboda. Mjukuu wangu amezaliwa na vumbi mdomoni. Ndiyo maana nimekanyaga udongo huu mara ya pili. Sasa hili nalo likianguka, nikikuona unakuja na mkutano wako nafunga mlango kwa ndani. Na majirani nawaambia wafunge."

"Halitaanguka, mama."

"Aliyekutangulia alisema hivyo hivyo. Naye alikuwa mcheshi kama wewe."

Tukangoja bati. Badala ya bati ikaja taarifa: wawezeshaji wanakuja kuijengea uwezo serikali ya kijiji, tuandae mahali.

Mahali penyewe pako wapi? Ofisi ya kijiji ni chumba ambacho mwenyekiti akiingia, mimi natoka. Shuleni kulikuwa na mitihani. Mwenyekiti wetu, mzee wa ng'ombe wengi na maneno machache, akatuita wajumbe wote akasema, "Wageni hawatakaa juani." Hiyo haikuwa ajenda, ilikuwa hukumu. Huku kwetu mgeni akiungua na jua mikononi mwako, wajukuu zako watakuja kuchekwa kwa jambo hilo hata kama baba zao hawajaoa.

Mtu mmoja akasema, "Mbona kuta tunazo?"

Jua halijazama, vijana wameshapotelea mbugani kukata nyasi, wengine porini kukata fito na kubandua magome ya kufungia. Watu hawa hawa niliowabembeleza kwa ajili ya tofali mpaka sauti ikanikauka, waliezeka boma zima, vyumba vya mbele na vya nyuma, kwa muda ambao mimi natumia kutafuta soksi ya pili. Akina mama wakapika mtukuru, pombe yetu ya kienyeji, wa kuwachangamsha waezekaji. Kazi ilipokwisha nikasimama barabarani nikatazama, nikaona limependeza. Ungedhani lilizaliwa hivyo.

Mafunzo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Mwezeshaji alikuwa kijana mstaarabu, shati limenyooshwa mpaka kwenye kola. Akabandika karatasi zake ukutani, kwenye udongo wetu, akauliza, "Kikwazo kikubwa cha maendeleo hapa kwenu ni nini?"

Wajumbe wameulizwa swali hilo mara nyingi kuliko walivyoulizwa habari za asubuhi. Wakajibu kwa pamoja kama kwaya ya Pasaka: "Ushirikishwaji mdogo wa wananchi katika ngazi za chini!"

Kijana wa watu akafurahi mpaka akapiga makofi. Hakuna aliyetaja bati. Nami nilinyamaza nikingoja wenye kijiji waseme, maana tumefundishwa kwamba mtendaji asiwasemee wananchi. Wageni walipokwenda kula nikamfuata mwenyekiti.

"Mzee, mbona hujasema habari ya paa?"

Akanitazama kama nimeuliza kwa nini hakuvua nguo. "Mgeni umemkaribisha chini ya nyasi zako, amekaa, amekunywa maji, halafu umwambie huna paa? Hayo si matusi?"

Wakapiga picha za kuagana. Wajumbe wote wamepangana ndani, wanacheka, na nyasi zinaonekana juu yao vizuri, mpya, za rangi ya dhahabu. Wakatuachia mabango yao makubwa ya turubai kama kumbukumbu.

Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Manyoni, kila jioni meusi zaidi. Nikampigia simu afisa mmoja wa wilayani anayehusika na majengo.

"Boma lipi?" akauliza. "La kwenu nimeliona kwenye picha. Limeezekwa, tena limeanza kutumika. Hongereni."

"Zile ni nyasi, mkuu. Tuliweka kivuli cha wageni."

"Sasa nyasi si paa? Ndugu yangu, bati zinakwenda kwenye maboma yaliyo wazi. Mhandisi anapita wiki hii kukagua. Akilikuta wazi ataliingiza. Akilikuta limefunikwa, mimi nifanyeje?"

Nikaita mkutano mkuu wa kijiji. Nikawaeleza kwamba ili tupate paa, inabidi kwanza tuondoe paa.

Walicheka. Walicheka mpaka kuku wa jirani wakakimbia, na mimi mwenyewe nikacheka nao, kwa sababu mtu akichoka kiasi fulani vitu vya kulia na vya kuchekea hukaa kapu moja.

"Mtendaji," akasema kijana wa bodaboda, "jana tupandishe, leo tushushe. Kesho si utatuambia tulibebe mgongoni tulipeleke wilayani?"

"Kama njia ingekuwa nzuri ningeshasema," nikamjibu.

Yule mama muuza asali hakucheka. "Mvua ikitangulia kabla ya mhandisi?"

"Tutafunika, mama."

"Kwa kitu gani? Kwa hotuba zako?"

Wengine wakataka nyasi zibaki, bati zao wilaya ibaki nazo. Wengine wakasema nyasi ni za mchwa, mwaka mmoja tu kwisha, na mganga wa serikali haleti dawa chini ya nyasi. Maneno yakaanza kuwa makali. Hapo mwenyekiti akainuka, na akiinuka yeye watu hushusha sauti.

"Mhandisi anakuja kwa gari," akasema. "Gari linasimama barabarani. Vyumba vya mbele tuviezue, vya nyuma tuviache. Akitazama mbele ataona wazi. Mvua ikija, tuna nusu."

Watu wakapumua. Hakuna aliyeshinda na hakuna aliyeshindwa. Na kwetu uamuzi unaomwacha kila mtu na kipande chake huonekana mzuri hata kabla haujatazamwa. Mikono ikanyooshwa kama mabua ya mtama. Nikaitazama akidi kama nilivyofundishwa. Ilikuwa imetimia, imefurika, imemwagika.

Tukaezua mbele. Mhandisi alisema anakuja Jumatatu. Jumatatu gari likawa bovu. Jumanne akawa na kikao. Jumatano mchana upepo ukageuka ghafla, ukaleta ile harufu ya vumbi lililolowa ambayo kila mkulima wa Singida huiombea mwaka mzima, na safari hii kijiji kizima kikaisikia kwa hofu.

Tulikimbia wote. Watu walitoka na magunia ya alizeti, mikeka, maturubai, blanketi moja la mwenye harusi, na yale mabango ya mafunzo. Mimi nilipanda ukutani na bango lililoandikwa juu ya uwezo wa serikali za vijiji, nikalilalia ili upepo usilichukue. Mvua ilinipiga hadi nikahisi imeingia masikio yote mawili ikakutana katikati. Chini yangu nilihisi udongo unalegea.

"Shuka!" alipiga kelele yule mama. "Shuka, mtendaji, tutakuzikaje na njia imekatika?"

Nikashuka. Kona ya mbele ikaenda, ikavuta ukuta wa barazani. Nilitarajia kishindo cha kuamsha watu mpaka Mitundu, lakini ilikuwa sauti ndogo tu, kama ng'ombe mzee anayelala. Tulibaki tumesimama kwenye mvua na mikeka yetu, na hakuna aliyenitazama.

Mhandisi alifika baada ya mvua kukatika. Gari lilizama kabla ya kijiji, kwa hiyo alikuja kwa miguu, na kwa sababu hiyo aliona kila kitu: mbele na nyuma. Alilizunguka boma lote.

"Huku mbele hakuna ukuta wa kuwekea bati," akasema. "Na huku nyuma kumeezekwa."

"Ndiyo, mhandisi," nikasema. Nilikuwa na maelezo ya kujaza treni ya mizigo, lakini ulimi ulikuwa umeshachoka kabla yangu.

Hakuwa mtu mbaya. Kiatu chake kimoja kilibaki kwenye tope, na alitusikitikia kwa dhati akiwa amesimama karibu kwa mguu mmoja. "Bati za mwaka huu haziwezekani tena. Ila kijiji hiki kinahitaji kujengewa uwezo wa kusimamia ujenzi. Nitawaombea mafunzo."

Mwenyekiti akaitikia kwa heshima, "Karibuni sana." Kisha akageuka kulitazama boma. "Ila safari hii sijui mtakaa wapi."

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kule bila kuita mtu. Ningemwita nani? Njiani nilipita milango mingi imefungwa, na mingine nadhani ilifungwa nilipokaribia. Nilipofika nikasikia mtu anakohoa kwa nyuma. Ni yule mama, na mzigo wa nyasi zilizolowa chini, na mwenyekiti ameketi juu ya tofali anachambua magome ya kufungia.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba," akasema mama. Juu ya chumba cha mwisho nyasi zilikuwa zimefumuka, maji yamechora mstari ukutani, lakini ukuta ulikuwa umesimama.

"Na mbele?" nikauliza.

"Mbele usiniulize. Udongo mara ya tatu sikanyagi, na yeyote asiniombe." Akarusha tita la nyasi juu, likarudi, akalirusha tena. "Lakini afadhali mtu azalie kwenye chumba kimoja hiki kuliko vumbini. Umekula?"

"Bado."

"Mimi pia. Shika ufito huo, mzee hawezi kupanda."

Nikapanda. Ufito ulikuwa umelowa, mzito kama chuma cha reli, na mimi nilikuwa nimechoka hivi kwamba nilipotazama chini niliona kivuli changu kimeshakaa.

"Vuta kwako," akasema mama. "Kwako, mtendaji. Si kwa mhandisi."

Nikavuta.