Dripu Chini ya Zege

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja kubwa upande wa Hurlingham, Nairobi, metroni alinikuta nimesimama kando ya mlango wa majeruhi, mikono nimeikunja kifuani. Hakunikaripia. Aliniambia tu, "Dada, mgonjwa akikuona hivyo anadhani hakuna la kufanya." Nikaikunjua haraka. Kwake nilijifunza kushona majeraha na kuweka branula, ule mrija mwembamba unaoingizwa mshipani ili dawa na maji vipite.

Baada ya miaka kadhaa niliomba uhamisho hadi kituo cha afya Riruta, karibu na kwetu. Wenzangu walinishangaa kuacha hospitali kubwa. Huko nilimkuta muuguzi msimamizi, Sista Mutheu, mama mfupi mwenyeji wa Machakos ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Nyinyi mnaoanza kazi leo, natamani mngemwona.

Msimu mmoja wa mvua, alfajiri, nyumba ya ghorofa ya kupangisha iliporomoka si mbali na kituo. Tulipofika na mikoba yetu tulikuta vumbi, vilio, na watu wakivuta mawe kwa mikono mitupu. Kila mmoja alitaka tuanze na wake. Sista Mutheu hakuanza na yeyote. Alipita kwa kila majeruhi, akigusa shingo, akitazama kifua, akifunga utepe mkononi: mwekundu kwa asiyeweza kungoja, manjano kwa anayeweza kungoja kidogo, kijani kwa anayetembea. Huko ndiko kuchambua majeruhi, na ni kazi inayouma, kwa sababu kuna unaowapita wakikuita.

Kufikia saa sita, wengi walikuwa wamepelekwa hospitali. Alibaki fundi cherehani mmoja, Mutua, aliyebanwa miguu yote miwili na bamba la zege. Alikuwa akiongea, hata akitania. Vijana walikuwa wamepata jeki za lori na walitaka kuliinua bamba mara moja.

"Bado," Sista Mutheu akasema.

Musyoka, kaka yake Mutua, akamkamata mkono. "Mnangoja nini? Mtu anakufa hapa na nyinyi mnaangalia tu!"

Umati ukaanza kutuzomea. Wengine waliinua simu waturekodi. Nawaambia kweli, nilitamani kukimbia.

Sista Mutheu hakuutoa mkono wake. "Musyoka, nisikilize. Misuli ikibanwa saa nyingi inatoa sumu. Tukiinua hii zege sasa, sumu yote inakimbia kwa moyo na kwa figo. Utatoa ndugu yako akiongea, afie kwa mikono yako. Lazima kwanza tumpe maji ya mshipa."

"Na mkichelewa?"

"Nikichelewa utanilaumu mimi, na utakuwa na haki." Akamtia mkononi mfuko wa dripu. "Shika hii. Inua juu, usiishushe."

Musyoka akaushika. Akauinua juu ya kichwa.

Mimi ndiye niliyekuwa mwembamba, kwa hiyo mimi ndiye niliyetambaa kuingia chini. Nafasi ilinitosha kulala kifudifudi tu. Nilisikia mawe madogo yakidondoka mgongoni.

"Mutua, ni Sista Njeri. Nakudunga sindano."

"Dunga tu, Sista. Huko chini mi sisikii kitu."

Mishipa yake ilikuwa imezama. Nilidunga, nikakosa. Jasho likaniingia machoni, vidole vikaanza kuteleza.

"Njeri," Sista Mutheu akaniita kutoka nje, polepole kama tuko kliniki ya akina mama, "usikimbie. Huo mshipa hauendi mahali."

Mutua akacheka. Mimi pia nikacheka, na nilipodunga tena, damu ikarudi kwenye branula. Maji yakaanza kushuka. Tulingoja hadi daktari wa ambulensi alipoafiki, ndipo jeki zikapanda, sentimita kwa sentimita. Mutua alitoka akipumua. Hospitalini walimkata mguu mmoja, lakini figo zake zilipona, na hadi leo anashona sare za shule pale Riruta kwa cherehani ya umeme.

Nilidhani kazi imeisha. Sista Mutheu aliniambia, "Sasa ndiyo inaanza." Familia zilizopoteza makao zilikuwa zimelazwa kwenye ukumbi wa kanisa, na mahali penye watu wengi na choo kimoja, kuhara kunaweza kuua wengi kuliko ukuta unaoanguka. Tulitibu maji, tukachimbisha vyoo, tukapima watoto. Msimamizi wa maji ya kunawa mikono alikuwa Musyoka, Sista mwenyewe ndiye aliyemchagua, na hakuna aliyethubutu kumpita bila sabuni. Jioni Sista aliketi na mama mmoja aliyempoteza mumewe, ambaye alikuwa haongei. Hakumhimiza. Alimsaidia kuchambua sukuma wiki, siku baada ya siku, mpaka mama yule akaanza kusimulia. Hata hiyo ni kazi ya muuguzi, ingawa hakuna chombo cha kuifanyia.

Ukumbi ule ulifungwa bila hata mtoto mmoja kuugua kuhara.

Sista Mutheu alipostaafu nilishika nafasi yake, na kila mwaka nikawafunza wahudumu wa afya ya jamii, akina mama na vijana wa mitaani mwetu wanaotembelea nyumba kwa nyumba, namna ya kukabili maafa. Wiki yangu ya mwisho kazini tulifanya zoezi kubwa uwanjani. Nilikuja na filimbi na maagizo tele kichwani. Lakini kabla sijafungua mdomo, muuza mboga mmoja kati yao alikuwa ameshagawa tepe, mwingine ametenga njia ya ambulensi, na kijana wa bodaboda alikuwa amepiga magoti kando ya "majeruhi" akimwuliza jina lake. Nilisimama pale muda mrefu. Hakuna aliyegeuka kuniuliza lolote. Nikaitia filimbi mfukoni, nikaenda nyumbani kupika chakula cha mchana.