Siku Niliyomvunja Malaika Bawa

Ndiyo, ni mimi. Yule mwanamke aliyevunja dirisha la marehemu kanisani kwa kinara cha mshumaa, mbele ya padri na ukoo mzima, ni mimi, na hamna haja ya kunong'onezana nikipita hapa Kinanira. Aibu niliipata, sikatai. Lakini nisikilizeni kwanza.

Mama Felisita, mwalimu wa kwaya yetu, alipofariki, wanawe waliniagiza dirisha la kioo cha rangi la kumkumbuka (ndiyo kazi yangu hiyo, nakata vioo na kuviunga kwa risasi, ile metali laini, msinichanganye na wauza fremu za picha). Walitaka malaika mwenye sura yake. Ukuta wa kanisa wa upande wa ziwa ulikuwa wa matofali yenye matundu, upepo ukiingilia humo, tukabomoa sehemu hiyo ili dirisha likae. Niliwaza kuweka kipande cha kufunguka, kisha nikaona chuma cha fremu yake kitakata bawa katikati, na bawa lenyewe lilivyonitesa, nikasema aa, acha, liwe kioo kitupu juu mpaka chini. Balaa lote lilianzia hapo.

Misa ya kuondoa matanga ikawa mchana, kanisa limejaa hadi mlangoni, umeme umekatika, feni zimelala, jua linapiga kioo, na chini yake kabisa amekaa mume wa marehemu, Mzee Salvatori, ndani ya suti nzito ya sufu. Mwanzoni watu walisifu, "Ona mama wetu anavyong'aa!", nami kichwa kikavimba. Kufika mahubiri kila mtu anajipepea kwa kitabu cha nyimbo. Mimi nilikuwa namtazama mzee tu, uso nusu bluu nusu nyekundu kwa ule mwanga wangu, jasho linamchuruzika, nikaogopa. Wakati wa sadaka akateleza kwenye benchi, akaanguka chini pu!

Watu badala ya kumpisha wakamzonga. "Mumutoe inje!" wengine wanapiga kelele, lakini njia iko wapi? Nikanyakua kinara, nikapanda benchi na viatu vyangu vya visigino (gauni likapasuka mpaka mahali nisipopataja), nikalitwanga bawa. Vipande vikaangukia nje, upepo wa ziwa ukaingia, kanisa zima likashusha pumzi.

Deo, mtoto wao mkubwa, akanishika mkono. "We mama, umevunja mama yetu!"

"Apana, nimevunja kioo," nikamjibu, sauti ikafika mpaka altareni. "Kioo nitatengeneza ingine. Baba yako, mi sijui kumutengeneza."

Mzee akafumbua macho. "Deo, muache huyo mama," akasema polepole. "Felisita hakukuwa analala dirisha imefungwa, ata mvua ikinyesha."

Deo akaniachia mkono.

Bawa nimelitengeneza upya, na sasa linafunguka kwa bawaba ukivuta kamba, chuma kimepita katikati yake waziwazi. Wapo wanaosema nimeharibu sura ya kanisa. Waje wakae chini yake mchana na suti ya sufu, kisha tuongee. Dirisha lisilofunguka sitatengeneza tena, hata aagize askofu. Na kila Jumapili, kabla hajakaa, Mzee Salvatori hulivuta bawa la mkewe kwa mkono wake mwenyewe, akalifungua.