Karani Anayehamia Benchi la Walimu

Karani wa usajili katika ofisi yetu ya elimu hapa Mongu, magharibi mwa Zambia, hawezi kumpa mtu habari mbaya meza ikiwa katikati yao. Akiona usajili wa mwalimu haulingani na kazi aliyoajiriwa, huvua miwani, huzunguka meza na kwenda kuketi naye kwenye benchi, mabega yakigusana. Jumatatu aliingia Mwalimu Mubita, akapiga makofi ya salamu taratibu, kama ilivyo desturi ya huku. Alisajiliwa kufundisha shule ya msingi, lakini kwa miaka mingi alikuwa akifundisha fizikia sekondari.

"Baba, sekondari siwezi kukuacha," karani alimwambia kwa ile sauti yake ya kubembeleza mgonjwa. "Sheria imebana. Itabidi urudi msingi mpaka usomee ualimu wa sekondari."

"Watasema nimeshushwa, mama. Nikafundishe nini huko, a, e, i, o, u?"

Karani alimpapasa mkono kwa vidole vyenye wino.

"Shule ya mtaani kwetu ina nafasi," alisema. "Mjukuu wangu anaanza darasa la kwanza mwezi ujao, na anaogopa walimu. Nilikuwa natafuta wa kumkabidhi."

Mubita alimgeukia.

"Anaitwa nani?" akauliza.